Wikiendi ya Juni, watu wanne na gari moja: magharibi ya Ireland tuanzie wapi?

Mgeni wa Dublin anauliza:

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa wenyeji na wote waliowahi kuzunguka vijijini Ireland.

Niko Dublin kwa masomo ya uzamili. Tangu nifike sijatoka mjini zaidi ya kupanda treni hadi Howth kula samaki. Sasa Jumatatu ya kwanza ya Juni ni mapumziko ya kitaifa, kwa hiyo marafiki wanne, Watanzania wawili, Mkenya mmoja na Mnaijeria mmoja, tumepanga kukodi gari tuondoke Jumamosi alfajiri na kurudi Jumatatu usiku. Dereva wetu ni huyo Mnaijeria, ana leseni ya hapa na amevuka miaka 25. Mimi nina leseni ya Tanzania na nimeendesha Dar kwa muda mrefu, ningependa kumpokea usukani akichoka.

Ratiba tuliyoichora ni hii. Jumamosi Cliffs of Moher, yale majabali ya baharini, kisha kulala Galway. Jumapili Connemara halafu kupanda hadi Donegal. Jumatatu Giant's Causeway, ile pwani ya nguzo za mawe kule kaskazini, tunashuka Dublin kupitia Belfast. Mkenya wetu anaomba Ring of Kerry, barabara ya mzunguko kule kusini-magharibi, nayo iingizwe, anasema ukiangalia ramani haiko mbali.

Je, inawezekana? Tulale wapi bila kuvunja benki? Na mimi binafsi sitaki safari ya kushuka, kupiga picha na kupanda gari. Muda wote huu watu wa nchi hii nawaona kwenye basi na darasani tu. Nataka kuona wanavyolima na kufuga, nikae baa ya kijijini nisikie muziki wao wakiupiga wenyewe kwa wenyewe. Mmoja wetu ni Mwislamu, hatumii nguruwe wala pombe, sitaki ashinde njaa kwa ajili ya safari yetu.

Natanguliza shukrani.

Dada wa Clare anajibu:

Karibu magharibi, mdogo wangu. Mimi naishi Clare, kaunti ya pwani ya magharibi, kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani, kwa hiyo barabara hizo unazoziulizia ndizo ninazoshinda nazo. Asubuhi niko nyumba ya bondeni, saa nne niko kilimani, mchana niko ufukweni, mvua inyeshe isinyeshe. Nitakuambia ninayoyajua.

Kwanza futa zaidi ya nusu ya hiyo ratiba. Kisiwa hiki kizima hakifiki hata moja ya kumi ya ukubwa wa Tanzania, ndiyo maana kila mgeni anadhani atakimaliza kwa wikiendi moja. Ukubwa sio tatizo, tatizo ni aina ya barabara. Ukiwa kwenye barabara kuu ya M6 unakwenda kilomita 120 kwa saa, Dublin hadi Galway ni kama kilomita 200 na saa mbili na nusu zinatosha. Ukishatoka pale mambo yanabadilika. Tangu Februari 2025 kikomo cha kawaida kwenye barabara ndogo za vijijini ni kilomita 60 kwa saa, zamani kilikuwa 80, na zipo nyingi ambazo hata 40 ni mwendo mkali kwa sababu kuta za mawe zinagusa saitimira pande zote mbili. Jumapili yako ya Connemara na Donegal ingekula siku nzima ndani ya gari. Ring of Kerry peke yake ni kilomita 179 za kona. Hiyo mwambie Mkenya wenu aiwekee wikiendi yake yenyewe.

Na wewe umesema mwenyewe unataka kuona watu wanavyoishi. Basi shikeni sehemu moja. Ushauri wangu: kaskazini mwa Clare, eneo linaloitwa Burren, mlale hapo hapo usiku wote miwili, gari litoke na kurudi pale pale.

Ondokeni Dublin saa kumi na mbili asubuhi. Shikeni M4, kisha M6, halafu M18 kuelekea kusini, mtoke mfuate vibao vya Kinvara. Ni mji mdogo wa bandari, na pembeni yake kuna ngome ya Dunguaire iliyojengwa mwaka 1520 kwenye ukingo kabisa wa maji. Kunyweni chai hapo, mnyooshe miguu. Kuanzia Kinvara msiwe na haraka tena.

Fuateni pwani hadi Ballyvaughan, halafu msikate kulia wala kushoto, zungukeni Black Head kwa barabara ya R477 inayobana kati ya mlima na bahari. Upande mmoja mnaona visiwa vya Aran, upande wa pili mlima mzima ni jiwe la kijivu. Simamisheni gari kabla ya Fanore, mahali penye nafasi ya kuegesha kihalali, mshuke mtembee juu ya jiwe hilo. Hilo ni jiwe la chokaa la zaidi ya miaka milioni 300, lilikuwa sakafu ya bahari ya joto. Limepasuka kwa nyufa ndefu zilizonyooka. Usiishie kuliangalia kwa mbali. Piga magoti uchungulie ndani ya ufa mmoja. Kule chini, mahali ambapo upepo haufiki, kuna kangaga mbichi kabisa zinazong'aa maji, kuna maua ya zambarau yanayoelekea wekundu, na mwanzoni mwa Juni ukibahatika unakuta bado yale madogo ya buluu iliyokolea ambayo watu wanasafiri kutoka mbali kuja kuyaona. Juu ya mawe upepo unakupiga usoni, ndani ya ufa hata jani halitikisiki. Mimi kila nikipata nusu saa kati ya nyumba na nyumba nasimama hapo.

Sasa kuhusu ufugaji, kwa kuwa umeuliza. Sehemu nyingi za milima ya Ulaya mifugo hupandishwa juu kiangazi na kushushwa majira ya baridi. Burren wanafanya kinyume. Ng'ombe wanapandishwa mlimani baridi inapoanza na kushushwa kiangazi. Mzee mmoja ninayemhudumia, aliyefuga maisha yake yote, alinieleza akiwa dirishani ananionyesha kilima chenyewe. Jiwe linakusanya joto kiangazi chote na kulitoa kidogo kidogo baridi ikifika, na maji ya mvua hayatuami juu, yanapenya nyufani, kwa hiyo ng'ombe wanalala pakavu. Wanakula majani ya zamani miezi hiyo yote, na majira ya machipuko yakifika maua yanapata nafasi ya kuchomoza. Kwa hiyo hayo maua watu wanayoyapiga picha ni kazi ya ng'ombe na wenye ng'ombe. Ndiyo sababu Juni mtaona milima iko mitupu na ng'ombe wako chini kwenye majani mabichi.

Njia ya ndani, R480, itawapeleka Poulnabrone. Ni kaburi la mawe lenye zaidi ya miaka 5,000, mawe yaliyosimama yakibeba bamba moja kubwa la jiwe. Wachimbaji walikuta mifupa ya watu zaidi ya 30 pale, watu wazima na watoto. Hakuna kiingilio, mnaegesha na kutembea kidogo.

Cliffs of Moher nendeni jioni. Watu wengi wanafika kwa mabasi kutoka Dublin kati ya saa tano asubuhi na saa tisa alasiri, na hapo utaona migongo ya watu kuliko bahari. Mwanzoni mwa Juni jua huku linazama karibu saa nne usiku, kwa hiyo hata mkifika saa kumi na mbili jioni bado ni mchana mweupe. Tiketi zinakatwa kwa kichwa, maegesho yamo humo humo, na ukinunua mapema mtandaoni kwa saa zisizo na watu unalipa pungufu. Pale juu kabisa ni mita 214 kutoka majini. Kaeni ndani ya njia iliyowekewa uzio na mkikuta kipande kimefungwa msiruke, ukingo unamomonyoka na upepo wa pale hauna adabu. Mwezi huo pafini bado wako kwenye kiota, wale ndege wadogo wenye midomo ya rangi ya chungwa. Mkiwa na darubini mchukue.

Jumapili kuna pantoni ya abiria kutoka Doolin kwenda Inisheer, kisiwa kidogo kuliko vyote vitatu vya Aran. Gari linabaki bandarini, mnakodi baiskeli kule. Watu wake wanaongea Kiayalandi nyumbani na dukani. Ukutani mwa kila kishamba hakuna saruji, ni mawe yaliyopangwa tu, na mwenye ng'ombe akitaka kupitisha anabomoa kipande cha ukuta kisha anakipanga tena. Upande wa mashariki kuna meli ya mizigo, Plassey, iliyotupwa na dhoruba mwaka 1960, na watu wa kisiwa waliwaokoa mabaharia wote. Bado iko juu ya mawe, imeliwa na kutu.

Muziki: Doolin, Kilfenora, Ennis. Doolin ndipo penye wageni wengi zaidi, Ennis utakuta watu wa mji wenyewe. Unaanza kama saa tatu na nusu usiku. Hakuna jukwaa. Wapigaji wanakaa kuzunguka meza moja ya kona, fidla, filimbi, konsatina, kile kinanda kidogo cha mkononi ambacho Clare inasifika kwacho, na viti vile ni vyao hata kama viko wazi. Ongeeni kwa sauti ya chini wakipiga. Lakini mtu akianza kuimba peke yake bila chombo, nyamazeni kabisa, hata glasi usiigonge mezani. Baa nzima inanyamaza. Mimi nimeona mzee wa miaka themanini na kitu anaimba amefumba macho, na jirani yake amemshika mkono tu mpaka mwisho wa wimbo.

Mambo ya njiani sasa. Sisi wa Afrika Mashariki tuna bahati, tumezoea kushika kushoto, na dereva wenu ana leseni ya hapa, kwa hiyo vipilefti havitawasumbua. Kwenye vile vijia vyenye majani katikati ya lami mkikutana na trekta, lazima mmoja arudi nyuma, na anayerudi ni yule aliye karibu na geti au sehemu pana. Msing'ang'anie. Mkipishana, dereva anyanyue kidole cha shahada bila kuachia usukani. Hiyo ndiyo salamu ya huku, na usipoirudisha wanaona umewapita kimya.

Mtaona pia mti wa miiba wenye maua meupe umesimama peke yake katikati ya shamba, na mkulima amelima kuuzunguka. Msivunje tawi, msitundike kitu. Ni kama kwetu mbuyu wenye mzimu, hata asiyeamini hataki yeye ndiye aukate. Pale Latoon, huku huku Clare, mwaka 1999 msimulizi wa hadithi Eddie Lenihan alipiga kelele mti mmoja wa aina hiyo usikatwe wakati wa ujenzi wa barabara kuu, na ukaachwa.

Mwisho, ukitafuta nyumba ya wageni muombe mwenyeji msimbo wa Eircode. Kila nyumba nchini ina wake wa herufi na tarakimu saba tangu 2015. Vijijini hakuna majina ya mitaa wala namba za nyumba, unaweza kuambiwa "geti la bluu baada ya kanisa". Msimbo ukiuweka kwenye ramani ya simu unakufikisha mlangoni. Mimi bila huo nisingefanya kazi hii.

Jirani wa Donegal anajibu:

Dada kaeleza vizuri. Mimi niguse mawili ambayo yanaweza kuwaletea matatizo ya kisheria, naomba myachukulie kwa uzito.

Giant's Causeway na Belfast ziko Ireland ya Kaskazini, ambayo ni sehemu ya Uingereza. Mpakani hakuna geti wala askari wa kugonga pasi. Unagundua umevuka kwa sababu mstari wa pembeni ya barabara umebadilika kutoka njano kuwa mweupe na vibao vya mwendo vimekuwa vya maili. Kwa hiyo watu wengi wenye kibali cha kuishi Dublin wanadhani wanaruhusiwa. Hapana. Mtanzania, Mkenya na Mnaijeria wote wanahitaji viza ya Uingereza, na kadi yako ya ukaazi ya Ireland haikupi ruhusa hiyo. Kutokuona askari sio ruhusa, na ajali ndogo tu au ukaguzi wa barabarani unatosha kuharibu rekodi yako ya uhamiaji wakati bado una masomo ya kumaliza. Tena ramani ya simu ikikupeleka Donegal kutoka Dublin, njia fupi inakatiza Omagh na Strabane, yaani unavuka bila kukusudia. Siku mkija kwetu, piteni Sligo na Bundoran, mnabaki ndani ya Jamhuri mwanzo mpaka mwisho. Na mje kweli, Malin Head ni ncha ya kaskazini kabisa ya kisiwa na inastahili siku zake.

La pili ni leseni. Mtu aliyekuja matembezi anaweza kuendesha kwa leseni ya nchi yake hadi miezi 12. Lakini ukishahesabiwa mkazi unatakiwa leseni ya hapa, na Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi ambazo leseni zake zinabadilishwa moja kwa moja. Wewe unaishi hapa kwa masomo, kwa hiyo usishike usukani kabla hujapata jibu la maandishi kutoka mamlaka ya leseni na kampuni ya gari. Bima ikikataa, deni ni lako. Hiyo ni sababu nyingine ya kufuata ushauri wa Dada: mkiwa na dereva mmoja, safari fupi ndiyo usalama wenu wote.

Kwenye kukodi, kadi ya mkopo iwe na jina la dereva mwenyewe, watashikilia kiasi kikubwa cha amana. Gari la gia za mkono huwa nafuu kuliko otomatiki. Zungukeni gari zima mkilipiga video kabla ya kuondoka, hasa rimu za magurudumu na saitimira, maana kuta za mawe huku ndizo zinazokwaruza. Tozo ya M50, barabara ya kuzunguka Dublin, haina kibanda, inalipwa mtandaoni kabla ya saa mbili usiku ya kesho yake, kwa hiyo ulizeni kampuni kama wao wanalipa au ni juu yenu. Kwenye M4 na M6 kuna vibanda, wekeni sarafu karibu.

Kaka wa Connemara anajibu:

Dada wa Clare namheshimu, lakini ngoja niitetee Connemara kabla hamjaifuta.

Burren ni nzuri, nakubali, ila wikiendi ya mapumziko Doolin inajaa. Mkitaka nchi yenyewe, ile ambayo unaendesha na hakuna kitu isipokuwa maji, mlima na kondoo waliopakwa rangi mgongoni ili kila mtu amjue wake, njooni huku. Kutoka Galway mnashika N59 hadi Oughterard, na baada ya hapo nyumba zinaanza kupotea. Vibao vya barabarani vinakuwa kwa Kiayalandi peke yake, Clifden inaandikwa An Clochán, andikeni majina yote mawili kwenye karatasi kabla ya kuondoka.

Mkiwa mnapita mtaona mabonde ya udongo mweusi umekatwa matofali na kupangwa kwa vichungu vidogo vidogo ukauke. Hiyo ni mboji ya kinamasi, udongo wa mimea iliyooza ambao ukikauka unawaka, ndiyo kuni zao kwa karne nyingi. Mwanzoni mwa Juni kuna familia ziko shambani kabisa zinageuza na kupanga. Ukisimama ukasalimia, watakueleza kila kitu. Kazi ya kugeuza ni ya kuinama kutwa, mimi niliwahi kumsaidia jirani na mgongo ulinieleza usiku ule, lakini jioni alinikaribisha chai mbele ya moto wa mboji ya mwaka uliopita na ile harufu ikabaki kwenye sweta langu.

Kusini ya Clifden kuna eneo la Derrigimlagh. Hapo ndipo Alcock na Brown walipotua Juni 15, 1919 baada ya kuvuka Atlantiki kwa ndege bila kusimama, wa kwanza duniani. Waliona uwanja wa kijani wakadhani ni uwanja mkavu wa majani, kumbe ni kinamasi cha mboji, ndege ikachomeka pua. Kuna njia ya kutembea kwa miguu na maelezo.

Na kama mna moyo wa kujua nchi hii imepita wapi, vukeni Leenane kwenye ghuba ya Killary mwingie bonde la Doolough, upande wa Mayo. Mwishoni mwa Machi 1849, wakati wa njaa kuu, mamia ya watu waliokuwa wanategemea chakula cha msaada waliambiwa wafike kukaguliwa Louisburgh, kisha wakaambiwa ukaguzi umehamishiwa Delphi, waufuate huko asubuhi. Walitembea usiku kwenye baridi, njaa tupu. Walipofika wakarudishwa mikono mitupu, na kuna waliofia njiani. Kuna msalaba wa jiwe pembeni ya barabara. Bonde ni zuri sana, ziwa refu, milima pande mbili, na utakaa ndani ya gari dakika kadhaa kabla ya mtu yeyote kuongea. Mimi kila mgeni wangu nampeleka, kwa sababu bila hapo hutaelewa kwa nini Waayalandi wametawanyika dunia nzima, wala kwa nini mtu wa kijijini akisikia unatoka Afrika anaanza kukuuliza habari za ukame.

Clifden ina hosteli na nyumba za wageni. Tofauti ni kwamba inawaongezea zaidi ya saa moja kutoka Galway.

Mgeni wa Dublin:

Dada, kaka, jirani, nimewasomea wenzangu majibu yote kwa sauti. Asanteni sana. Kaskazini tumeifuta leo hii hii, hakuna aliyekuwa anajua habari ya viza, na usukani nimemwachia mwenye leseni.

Tumepiga kura na Clare imeshinda kura tatu kwa moja, Doolough tutaiwekea safari yake Septemba kabla masomo hayajaanza. Hiyo kura moja ilikuwa ya kwangu, na nitakuja, kaka.

Imebaki chakula cha mwenzetu. Na mvua: tubebe nini?

Mama wa Limerick anajibu:

Mwanangu, mimi ni Mwislamu na nimezunguka huko na familia yangu mara nyingi, msiwe na wasiwasi.

Kifungua kinywa cha nyumba za wageni ndicho cha kuangalia. Sahani ya kawaida ina soseji, vipande vya nyama ya nguruwe ya chumvi, na vile vipande vya duara vyeusi na vyeupe wanavyoviita pudding. Cheusi kina damu ya nguruwe. Mwandikieni mwenyeji siku mbili kabla kwamba mmoja wenu hali nguruwe, na mayai yake yakaangwe kwenye kikaango safi. Sijawahi kukataliwa. Mara nyingi wanatengeneza kitu kingine kwa bidii zaidi, uji wa shayiri mzito, uyoga, mayai, na mkate wao wa magadi wa unga wa kahawia ukiwa bado moto.

Mchana na jioni yeye ale vya baharini. Supu nzito ya samaki na maziwa ipo karibu kila baa, ila aulize kama imetiwa nyama ya nguruwe au mvinyo, baadhi ya wapishi hutia. Lisdoonvarna kuna nyumba ya kukaushia samoni kwa moshi, mnaweza kununua pakiti mkala na mkate njiani. Kwenye baa za vijijini jiko linafungwa kama saa tatu usiku, hata kama nje bado kuna jua, kwa hiyo kuleni kwanza ndipo mwende kwenye muziki. Kukaa baa bila kunywa pombe ni jambo la kawaida, ataagiza chai na wataleta buli zima.

Sala ya magharibi mwezi huo inaingia karibu saa nne usiku na isha inakaribia usiku wa manane, apange usingizi wake. Na kama siku moja mtapita Mayo, kuna msikiti katika mji mdogo wa Ballyhaunis, umejengwa mwaka 1987 kwa sababu ya machinjio ya nyama halali pale. Wanangu walishangaa sana kuukuta katikati ya mashamba.

Dada wa Clare:

Mama kamaliza suala la chakula, naongezea la mvua.

Mwavuli uacheni Dublin, upepo wa pwani utauvunja kabla ya chakula cha mchana. Koti la mvua lenye kofia, suruali inayokauka haraka, soksi za akiba ndani ya gari kwa kila mmoja, na viatu vyenye soli ya kukamata. Lile jiwe la Burren likilowa linateleza, na mguu ukiingia ufani ni kuvunjika. Msiangalie utabiri wa siku tatu mkakata tamaa. Huku mvua ya saa nne asubuhi haina habari na saa sita mchana. Mkikuta Black Head kuna ukungu, ingieni Ballyvaughan mkanywe kitu, mrudi baadaye.

Pantoni ya Inisheer inategemea bahari, piganieni safari ya asubuhi na mpige simu bandarini kabla ya kutoka. Ikifutwa, nendeni Kilfenora mkaone misalaba mirefu ya mawe ya karne ya 12, halafu mpite Ennistymon ambako mto unaporomoka katikati ya mji.

Jumatatu msirudi moja kwa moja. Karibu na Athlone tokeni M6 mwende Clonmacnoise, monasteri ya Mtakatifu Ciarán iliyoanzishwa mwaka 544 kwenye ukingo wa mto Shannon. Kaeni saa moja, mpate chai, halafu muingie Dublin kabla foleni ya waliokuwa mapumzikoni haijakaza. Dereva wenu asipitishe kiasi cha bia hata usiku wa Jumapili, kikomo ni miligramu 50 kwa mililita 100 za damu, na kwa mwenye leseni mpya ni 20, na askari huwa wanapima asubuhi ya sikukuu.

Mafuta jazeni Gort kabla ya kukata kuingia ndani, ukishakuwa Burren sheli ni chache na Jumapili zinafunga mapema. Bomba la petroli huku ni la kijani, la dizeli ni jeusi. Namba ya dharura ni 112. Vyumba kamateni wiki hii, wikiendi hiyo Ballyvaughan inajaa upesi.